Ofa ya Milioni Tisa

Mume wa dada yangu alikuwa dobi, na mtaa mzima ulimwita Povu. Jina lilimkaa kwa sababu mbili: sabuni na mdomo. Ukimwachia nafasi ya neno moja anakupa mia, na sitini kati ya hayo ni utani. Mimi ni mwalimu wa hesabu shule ya msingi, tena shemeji yake, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha. "Mwalimu," alikuwa akiniambia mbele za wateja, "hilo shati jeupe kwa chaki tu. Ukilikung'uta litarudi rangi yake." Watu wanacheka, na mimi nacheka nao.

Alianzia nyuma ya nyumba na mabeseni mawili na pasi ya mkaa. Baada ya miaka kumi na kitu akapata kazi ya kufua mashuka ya hospitali, mzigo wa gari zima kila siku, na mikono haikutosha tena. Alihitaji mashine. Benki ikamwambia kuna mfuko wa serikali unaodhamini mikopo ya biashara ndogo, akiomba atapata. Meneja wa benki alitukaribisha viti, akatuagizia soda, akasema, "Msiwe na wasiwasi, serikali inasimama nyuma yenu." Sisi tukaelewa kwamba tukianguka, serikali itatudaka. Kumbe ilikuwa imesimama nyuma ya benki. Dada aliniomba niwe mdhamini, kwa kuwa nina ajira ya kudumu. Nikatia sahihi kurasa nne bila kusita.

Miaka mitatu mambo yalikwenda vizuri. Mashine tatu za kufulia, moja ya kukaushia, na ile ndefu ya kunyooshea mashuka, ambayo Povu aliipenda kuliko zote. Wafanyakazi wanne. Kisha hospitali ikanunua mashine zake, ikatuletea barua ya mistari minne yenye shukrani mbili ndani yake. Povu akazunguka kwenye hoteli na nyumba za wageni akarudi na taulo kumi hapa, mapazia sita pale. Akawaaga wafanyakazi mmoja mmoja. Akabaki yeye na dada. Siku moja mchana, joto la mle ndani likiwa halivumiliki, dada alimkuta amelala sakafuni katikati ya mashine mbili, mdomo umevutwa upande. Kiharusi. Mkono wa kulia, mguu wa kulia, na yale maneno yote.

Benki ilisubiri miezi sita. Halafu mfuko wa serikali ukailipa benki sehemu iliyokuwa imedhaminiwa, na deni likahamia kwa mfuko. Mashine zikapigwa mnada zikachukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu. Hata ukiondoa alichotoa yeye, lilibaki deni la milioni arobaini na mbili, na riba ilikuwa bado inatembea.

Hapo ndipo tulipompata karani mstaafu, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi hiyohiyo ya mfuko na sasa alijazia watu fomu kwenye kona ya duka la fotokopi. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kuna njia," alisema. "Mnapeleka ofa. Mnatoa mlichonacho kwa mkupuo mmoja, wao wanafuta kinachobaki, na mdhamini anaachiwa. Lakini kamati lazima iridhike kwa mambo mawili: kwamba hamna kitu, na kwamba hamtakuja kuwa na kitu."

"La kwanza ni rahisi," dada akasema.

Aliuza kiwanja alichoachiwa na marehemu mama yetu. Ndugu wakachanga, wengine kwa moyo na wengine kwa aibu. Tukafikisha milioni tisa. Fomu ilikuwa na kurasa kumi na moja, na ilitaka kila kitu: vitanda, viti, jiko, redio. Dada aliandika "cherehani moja, mbovu." Karani akamwambia afute neno mbovu aweke bei. Akakaa na ile kalamu muda mrefu, kisha akaandika bei ambayo hata muuza mitumba angeona haya kuitaja.

Kwa lile jambo la pili ilitakiwa barua ya daktari. Tuliifuata mimi na dada. Aliisoma amesimama ukutani pale kwenye korido, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye pochi.

"Asiione," aliniambia.

"Imeandikwa nini?"

"Kwamba hatafanya kazi tena. Yoyote." Akafunga pochi. "Kila asubuhi anaamka anabinya donge la kitambaa kwa mkono mgonjwa mara mia mbili, anahesabu kwa vidole vya mkono ule mzima. Anasema mwezi ujao. Miezi kumi na minne sasa anasema mwezi ujao. Nikimwonyesha hii karatasi, kesho ataamkia nini?"

Povu alipoweka dole gumba kwenye fomu, tulimwambia ni ombi la kupunguziwa deni. Halikuwa jambo la uongo. Tulimficha tu lililobaki.

Wiki tano baadaye tukaitwa mbele ya kamati, na barua ilisema mkopaji mwenyewe afike. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu na lifti imekufa. Mlinzi mmoja mwenye huruma alimshika upande, mimi nikashika mwingine, tukapanda naye ngazi moja baada ya nyingine, dada nyuma yetu na mafaili. Kwenye kituo cha pili cha ngazi tukapumzika. Povu akatutazama tunavyohema, akavuta maneno yake kama mtu anayevuta ndoo kisimani: "Le-o... mzigo... ni mi-mi." Mlinzi akacheka kwa sauti. Na mimi nilicheka, na kwa dakika moja niliamini siku itakuwa nzuri.

Chumba kilikuwa kidogo, meza ndefu, feni inayozunguka bila kuleta upepo. Watu watatu: wanaume wawili wa kamati, mmoja mnene mwenye kitambaa cha jasho, mwingine mwembamba ambaye hakuacha kuandika; na afisa anayeshughulikia madeni, msichana mdogo ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa miaka ile. Alisimama akampa Povu shikamoo, akamsogezea kiti mwenyewe. Sina neno baya la kusema juu ya yule binti.

Alianza kusoma faili. Mkopo, tarehe, mnada, orodha ya vyombo. Ofa ya milioni tisa kwa mkupuo. Mwanamume mnene akaitikia kwa kichwa polepole, namna ya mtu aliyekwisha kukubali na anangoja tu taratibu zimalizike. Nikaona mabega ya dada yanashuka.

Afisa akafungua karatasi iliyokunjwa mara mbili.

"Binti yangu," dada akawahi, "hiyo si lazima uisome kwa sauti."

"Samahani mama. Lazima iingie kwenye kumbukumbu za kikao."

Akaisoma. Kwa sauti ya kawaida, bila ukatili wowote, kama anavyosoma mtu karatasi ya thelathini kwa siku. Mgonjwa amepoteza matumizi ya mkono wa kulia. Hali yake haitarajiwi kubadilika. Hatarajiwi kurejea kwenye kazi yoyote ya kumwingizia kipato maishani mwake.

Nilimtazama Povu. Alikuwa anamtazama dada. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali akashindwa kujua nani anaita. Kisha akaweka mkono wa kushoto mezani, akajisukuma, akasimama. Mguu ulikuwa unatetemeka ndani ya suruali.

"Si... kwe-li," alisema.

"Kaa baba," dada akamshika. Akautoa mkono wake.

"Mi-mi... ni-ta-fanya kazi. Mwezi u-jao. Si-taki ku-fu-tiwa." Jasho lilimtiririka. Ilimchukua muda kupata neno la mwisho, na watu wote mle chumbani tulimngoja. "Ni-ta-li-pa."

Mwembamba akaacha kuandika kwa mara ya kwanza. "Mzee, unasema utalipa deni lote?"

"Lo-te."

Akaanza kuandika tena. Dada akafunika uso kwa faili.

Nikaropoka. "Waheshimiwa, msiandike hilo. Mgonjwa huyu. Hajui anachosema."

Afisa akanigeukia, na nikaona amesikitika. "Mwalimu, nisikilize vizuri," alisema taratibu. "Kama mzee hana akili timamu, sema hapa hapa tuandike. Ofa itasitishwa kwa sababu dole lake halitakuwa halali. Mama ataenda mahakamani aombe kuwa msimamizi wake, itachukua mwaka au zaidi, halafu mtaleta ofa upya na tutaisikiliza. Lakini kama ana akili timamu, amekuja mbele ya kamati akakataa ofa yake mwenyewe, na sisi hatuwezi kujifanya hatukusikia. Ni moja kati ya hayo. Wewe ndiye mdhamini. Unasemaje?"

Alikuwa ananionyesha mlango wa kutokea, nami niliuona. Neno moja tu, na mshahara wangu ungepona.

Povu alikuwa bado amesimama. Aligeuza kichwa akanitazama mimi. Huyu mtu alisimama na mimi siku ya harusi yangu. Nilipomzika mtoto wangu wa kwanza, yeye ndiye aliyenifulia nguo kwa mwezi mzima, akazileta zimenyooka, na hakutania hata mara moja. Mdomo wake ulikuwa umepinda lakini macho yalikuwa yaleyale, yanaelewa kila kitu, yananielewa hata mimi na ninachokaribia kusema.

"Ana akili timamu," nikasema.

Mwembamba akaandika.

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Chini barabarani tukamkalisha Povu kwenye ukingo wa maua, mimi na dada tukasogea pembeni.

"Ungesema tu," dada aliniambia. Alikuwa hanitazami. "Mwaka mmoja. Ningeenda mahakamani, ningefanya yote."

"Wewe ndiye mkewe. Mbona hukusema?"

Basi likapita, vumbi likatupiga, hakuna aliyeinua mkono kujikinga.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Ofa imekataliwa kwa kuwa mkopaji amekiri nia na uwezo wa kulipa. Milioni tisa zitapokelewa kama malipo ya mwanzo. Kinachobaki kitakatwa kwenye mshahara wa mdhamini, theluthi moja kila mwezi, kwa miaka tisa. Nina umri wa miaka hamsini na moja. Nilimpelekea karani mstaafu ile barua kwenye kona yake. Akaisoma mara mbili, akauliza nini kilitokea. Nilipomweleza akakataa hela yangu ya ushauri. Ndipo nilipojua hakuna la kufanya.

Nilimwambia mke wangu tukiwa jikoni. Aliniuliza swali moja: "Ulikuwa na nafasi ya kuzuia?" Nikamwambia ndiyo. Akazima jiko, chakula kikiwa hakijaiva, akaingia chumbani. Binti yetu alikuwa amepata nafasi ya chuo cha ufundi wa maabara, tukamwomba asubiri. Alisema sawa baba, na wiki ile ile akaenda kuandikishwa kazi ya kuuza vocha. Hakulia mbele yangu. Heri angelia.

Miezi miwili sikukanyaga kwa dada. Nilijidanganya kwamba nina mitihani ya kusahihisha. Mwishowe nilienda Jumapili moja. Dada alinifungulia, akanisalimu, akarudi kwenye ile cherehani yake mbovu, aliyokwisha kuitengenezesha. Siku hizi anashona marekebisho ya nguo za watu, pindo na zipu, tangu alfajiri. Povu alikuwa kitandani, ameelekea ukutani. Lile donge la kitambaa lilikuwa chini ya kabati na halikuwa na dalili ya kuguswa. Ndevu zimemjaa.

"Ananyolewa na nani?" niliuliza.

"Hataki," dada akajibu bila kuacha kushona.

Nilichemsha maji, nikatafuta wembe na sabuni, nikamgeuza taratibu. Hakunizuia. Nilimpaka, nikaanza shavu la kushoto, lile linalosikia. Nilipofika kidevuni alinishika mkono kwa vidole vyake vya kushoto.

"U-na... ha-sira na mi-mi?"

Nilifikiria kumwambia hapana. Nilikuwa na sentensi nzima tayari, ya kistaarabu, ya shemeji kwa shemeji.

"Ndiyo," nikasema.

Alifumba macho. Nilidhani atageukia ukutani tena, lakini hakugeuka. Aliitikia kwa kichwa mara moja, kuonyesha amesikia, akainua kidevu ili niendelee. Nikaendelea. Chumba cha pili mlio wa cherehani ulikatika, ukaanza, ukakatika. Nilimnyoa shavu la kulia polepole sana, kwa sababu upande ule hangejua hata nikimkata.