Jirani wa Kwanza

Siku Tonnis Wiggers alipomletea kikapu cha maharage mabichi, Aaltje Hoftijzer hakuyala. Aliyamwaga mezani akayapekua moja moja, kama vile ndani yake mna barua iliyofichwa. Barua haikuwamo. Yalikuwa maharage tu, laini, yamechumwa asubuhi ile ile, na hilo ndilo lililozidi kumtia wasiwasi.

Miaka minne Tonnis hakuwa amemsemesha. Kati ya nyumba zao palikuwa na malisho na kijito, basi, wala hakuna nyumba iliyokuwa karibu na Aaltje kuliko ile. Na huko Achterhoek, mashambani mwa Uholanzi, nyumba iliyo karibu kuliko zote ndiyo ya jirani wa kwanza. Huyo si mtu wa kusalimiana naye tu. Ukipata mtoto, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa. Ukifiwa, unamwita kabla ya mtu mwingine yeyote, naye anaishika nyumba yako: mkewe anamwosha marehemu na kumvika, yeye mwenyewe anazunguka mlango kwa mlango kutoa habari. Ninyi wafiwa mnakaa na kulia. Zamu ikigeuka, nawe unamfanyia yeye vivyo hivyo. Lakini Derk, mume wa Aaltje, alipokufa, Tonnis hakutia mguu. Fenne, mkewe Tonnis, hakuja kuosha. Walikuja akina Lammers wa nyumba ya pili, na tangu siku hiyo Aaltje aliwafuta majirani zake wale moyoni mwake.

Leo maharage!

"Ana lake huyu," alimwambia bintiye Geesje kwenye simu.

"Mama nawe! Maharage ni maharage."

"Wewe humjui. Baba yake hata moshi wa kiko alikuwa anaumeza, asije mtu akaunusa bure."

Aaltje alijua fika Tonnis anataka nini. Anataka malisho ya kando ya kijito. Tonnis ana ng'ombe arobaini na majani haba. Aaltje ana majani tele na ng'ombe hana hata mmoja, na Geesje yuko mjini Utrecht, hataki kusikia habari za shamba. Tena kulikuwa na lile gari la kijivu. Mara mbili kwa wiki lilisimama mbele ya nyumba ya Tonnis, akashuka mwanamume mwenye mkoba. Mpima ardhi huyo, Aaltje alikata shauri. Alimchungulia kwa darubini ya Derk kutoka dirisha la jikoni, na wala hakuona haya.

Basi akajiwekea sharti: kwa Tonnis hatabaki na deni la fadhila hata la siku moja. Jioni ile ile alipeleka chupa mbili za jemu. Wiki iliyofuata Tonnis alizibua mtaro wa Aaltje bila kuombwa. Kabla ya saa sita mchana Aaltje alikuwa mlangoni kwake na keki nzima ya plamu. Tonnis akamtengenezea bawaba ya lango. Aaltje akampa soksi za sufu. Kila mara Tonnis alipokea kwa uso wa mtu aliyepigwa kofi, na Aaltje alirudi nyumbani roho yake imesuuzika. Hunipati, bwana!

Ndipo dhoruba ikang'oa mti mkubwa nyuma ya nyumba yake. Alirudi kutoka kanisani Jumapili akakuta mti wote umekatwa, kuni zimepangwa ukutani mpaka dirishani, kuni za kumaliza baridi nzima. Aaltje alizipima kuni kwa macho. Hakuwa na kitu cha kulingana na kuni zile. Akaona amenaswa, na hasira zikampanda. Alivuka malisho na viatu vyake vya kanisani, akamkuta Tonnis zizini.

"Haya sema unachotaka! Malisho sikupi. Bora yaote miiba."

Tonnis aliweka ndoo chini. "Malisho gani?"

"Usijifanye mjinga! Na huyo mpima ardhi wako wa gari la kijivu?"

"Yule ni daktari, Aaltje."

"Daktari wa nani?"

"Wa Fenne. Ana uvimbe tumboni. Amesema wiki tatu, labda nne."

Aaltje alishika ukingo wa hori. "Mbona watu wanasema ni mgongo?"

"Ndivyo nilivyowaambia mimi. Ningemwambiaje Lammers kabla yako? Jirani wa kwanza ni wewe." Tonnis alijifuta mikono kwenye suruali. "Anataka wewe ndiye umwoshe. Hataki mwingine. Sasa mimi jambo zito kama hilo nitaliombaje kwa mtu ambaye hana fadhila yangu hata moja? Nikasema nikutendee kidogo kidogo, mpaka uone vibaya kunikatalia. Lakini wewe, mama, kila nikitenda unalipa! Nina jozi ya soksi nisiyothubutu kuivaa."

Kumbe kweli alikuwa na lake. Aaltje alikuwa amepatia tangu siku ya maharage, na kupatia huko kulimuuma.

"Na Derk wangu?" aliuliza. "Mbona hukumbeba?"

"Ulimwita Lammers kwanza."

"Nilibisha kwako! Hamkufungua."

"Tulikuwa huku zizini, ng'ombe anazaa. Hukurudi tena. Siku tatu tulikaa na nguo nyeusi zimepigwa pasi, tunangoja utuite. Fenne alikuwa analia. Mtu haingii kwenye msiba ambao hakuitwa, Aaltje, unajua."

Alijua. Miaka minne yote hakuwa amelifikiria.

Fenne alikuwa amelazwa chumba cha mbele, amebaki macho tu. Dirisha lilikuwa wazi upande wa zizi.

"Karibu, tajiri wa malisho," alisema. "Nimesikia yote. Nilimwambia aombe tu. Mwanamume huyu anapenda kuzunguka."

Aaltje aliketi ukingoni mwa kitanda. Aibu ilimjaa hata hakujua pa kuweka mikono. "Nitakuosha," alisema.

"Na wewe je? Zamu yako ikifika, mimi sitakuwepo."

Aaltje alikuwa mwepesi wa kulipa maisha yake yote, na mwepesi wa kulipwa. Hili halikuwa na malipo. Machozi yalimtoka, hakuyazuia.

"Basi utakufa na deni langu, Fenne Wiggers."

"Nife nalo!" Fenne alicheka mpaka akakohoa. "Sasa futa machozi ufungue kabati. Lile gauni la buluu, usinivike jeusi. Jeusi linanibana."