Nyasi Zilizongoja Mgeni

Usiniambie nyasi si zao. Kama hujawahi kung'oa nyasi mwitu ili nyasi ulizopanda zibaki, majirani wakakucheka hadi wakashika mbavu, basi nyamaza tu usikie Mama Pacha alivyofanywa.

Shamba alilima yeye, lakini lilikuwa la ukoo wa mumewe, na mwenye kauli ni shemeji yake mkubwa anayekaa mjini. Shemeji alishasema wazi: msimu huu asipoona mbegu za malisho za kuuza, shamba linarudi kwake, apande miti ya mbao.

Asubuhi moja Mama Pacha alishika suke, akalivuta taratibu kati ya vidole. Mbegu zikamjaa kiganjani bila kubisha. Mbegu za nyasi hazina subira: zikishaachia hivyo, unakata siku hiyohiyo, la sivyo upepo unakuvunia.

"Baba Pacha, tukate leo," alisema, mundu mkononi.

"Tukate nini? Kaka anakuja Jumamosi. Nataka alikute shamba limesimama, alione kwa macho yake. Ukikata ataona nini, mabua?"

"Ataona mbegu kwenye magunia."

"Magunia kila mtu anayo. Hebu niondolee ubishi, we mwanamke!"

Akauweka mundu chini. Angefanyaje, ampige mume? Tangu hapo kila upepo ulipovuma, alitoka kutazama mbegu zikimwagika chini.

Jumamosi shemeji akaja na suruali yake iliyonyooshwa pasi. Baba Pacha, kichwa kimemvimba, akamtembeza shamba zima, huku na huku, akitenganisha masuke kwa mikono miwili kama mtu anayefungua mapazia. Mama Pacha aliwafuata nyuma, akiona hata mbegu chache zilizobaki zikipukutika kwenye viatu vya wanaume. Nyasi zilipendeza kweli, ndefu, za rangi ya dhahabu. Tupu!

Shemeji akachuma suke, akalisugua, akapuliza makapi. Kiganja kikabaki kitupu.

"Mbegu ziko wapi?"

Baba Pacha akatazama nyasi, akatazama chini, kisha akamnyooshea mkewe kidole.

"Muulize huyu, kaka. Shamba ni lake."

Lake! Tangu aolewe hajawahi kusikia neno hilo. Akalisikia siku ya kunyang'anywa.