Mgomba wa Hezekiah

Hezekiah Shitanda alirudi kutoka hospitalini Alhamisi mchana, mkewe Milcah akimshika kiwiko. Mpira wa plastiki ulimtoka ubavuni, na mfuko wake wa maji ya kahawia aliubeba mkononi kama mtu aliyetoka kununua maziwa. Akawaamkia waliokuwa uani. Halafu akaona kaburi bichi kando ya miwa, karibu na jiko.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni mgomba," akajibu Cornelius, kaka yake mkubwa. "Karibu nyumbani, ndugu yangu."

Basi mambo yalikuwa hivi. Hezekiah aligeuka manjano, macho mpaka kucha, na hospitali moja ya mbali ilipompasua ikakuta uvimbe kwenye kongosho. Wakakata kichwa cha kongosho, wakatoa nyongo na kipande cha utumbo, wakaunga vilivyobaki. Pale palipoungwa pakavuja. Ikabidi wampasue tena, damu ikakataa kukatika, na mtu fulani wa wodi akapiga simu nyumbani Ekero akasema familia ijiandae. Cornelius si mtu wa kuambiwa mara mbili. Mti wa kuni ukaangushwa, hema likaletwa, vijana wakachimba. Milcah wakati huo alikuwa kule wodini ameshika miguu ya mumewe, na ile miguu ilikuwa na joto. Kulipokucha Hezekiah akafumbua macho, akaomba uji.

Sasa, pande hizi kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Linabaki na njaa, na lenye njaa hutafuta. Kwa hiyo wakakata mgomba, shina peke yake bila mzizi, wakalifunga kwa blanketi la Hezekiah mwenyewe, mzee wa kanisa akaomba kwa ufupi, wakalizika. Kisha wakanywa chai, maana chai ilikuwa tayari.

Milcah alizisikia habari hizo akaona kizunguzungu cha hasira. "Mngengoja hata mtu apoe, shemeji," akamwambia Cornelius.

"Tulikuwa tunakusaidia," Cornelius akasema, na wallahi alikuwa anasema kweli yake.

Hakukuwa na nafasi ya kugombana. Maji ya mpirani yalikuwa makali. Yakidondoka kwenye ngozi yanaila, kwa kuwa maji ya kongosho kazi yake ni kuyeyusha nyama na hayaulizi ni nyama ya nani. Milcah akawa muuguzi: akipaka mafuta, akichemsha vitambaa, akivianika kwenye waya. Majuma yakapita. Uvujaji ukakoma, wakaenda kliniki mpira ukachomolewa, na waliporudi jioni wakakuta jani la mgomba limejitokeza juu ya kaburi. Mvua ilikuwa nzuri mwaka huo, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kitu.

Tatizo lilikuwa Hezekiah. Alikula. Lo, alikula! Obusuma, ugali wa huku, ukiwa wa moto na mboga ya mrenda, viazi vitamu, maharagwe, chai ya maziwa kikombe juu ya kikombe. Na alikonda. Shingo ikawa nyembamba, suruali ikafungwa kwa kamba, pete ya ndoa ikaanguka ndani ya beseni. Majirani wakasema kikulacho ki nguoni mwako, wakaanza kumtazama Milcah kwa jicho la pembeni, kama kwamba yeye ndiye anayemla. Aliumia kusikia hivyo. Alimpenda mume wake.

Jumapili moja akamchinjia kuku. Watu wa huku ingokho huiheshimu, na Hezekiah akala paja, akala firigisi, akanywa mchuzi wote. Asubuhi Milcah akaenda kutupa maji machafu akaona majani ya mgomba yanang'aa mafuta. Akapitisha kidole, akanusa. Ulikuwa mchuzi wake mwenyewe, na chumvi ilikuwa imezidi kidogo kama alivyoshuku. Siku Hezekiah alipokunywa chai ya maziwa, utomvu wa mgomba ulitoka mweupe. Siku aliyotapika, majani yalilala.

"Baba Nafula," akamwambia mumewe, "chakula chako kinaenda kwa mgomba."

"Niliona," akasema Hezekiah. "Mgomba unapendeza."

Wakaenda tena kliniki. Daktari Jelagat, mwanamke mpole mwenye foleni ndefu mlangoni, akaangalia kovu akalisifu. Akasema operesheni ilifaulu. Wengi wa namna hii hawafiki nyumbani, akasema, na wakifika hivi huhesabiwa kuwa wamepona.

"Daktari, anakulanga na inaenda kwa mgomba ulio kaburini."

Daktari hakuinua kichwa. "Eeh, hutokea. Kongosho ikikatwa, chakula kinakosa wa kukishika. Kuna vidonge vya kumeza pamoja na kila mlo. Hawakuwaambia mlipotoka?"

"Hatukuambiwa."

"Havipo, labda ndiyo maana. Sijawahi kuviona kwa dirisha letu la dawa." Akaandika wanywe maji mengi na warudi baada ya miezi mitatu.

Milcah alirudi na uamuzi wa kuukata. Akanoa panga, akaukaribia mgomba uliokuwa umempita kimo mara mbili, shina nene, umejaa maisha. Cornelius akamkuta hapo.

"Mti wa kaburi haukatwangi, shemeji. Wewe ukikata huo, unaita mwenyewe aje achukue nafasi."

"Huku mlimzika, kule wakasema amepona," akasema Milcah. "Ni nani aliyemwangalia yeye?"

Cornelius akaona huruma kweli. Akalichukua panga mkononi mwake taratibu, akaenda kuliweka jikoni.

Mgomba ukatoa mkungu. Ulikuwa mkungu mkubwa hata ikabidi uegemezwe kwa nguzo, na harufu yake ilikuwa ya jiko la Milcah. Hapo tumaini likamrudia. Alifikiri kama mwanamke anayejua kupika: kilichomo humo ni chakula cha Hezekiah ambacho kilishasagwa, kilishapikwa mara ya pili na udongo, hakihitaji tena kongosho la mtu. Alichuma kidole kimoja cha ndizi kilichoiva mapema, akammenyea. Hezekiah akala, akaweka mkono tumboni.

"Imekaa," akasema. Jioni hiyo mashavu yake yalikuwa na rangi, akatembea mpaka barabarani bila fimbo. Milcah akaingia jikoni akalia kwa furaha huku akichochea moto. Mkungu huo ungemrudishia mume.

Lakini mkungu mzima hauchumwi kimyakimya, na mkungu wa kaburini ni jambo la ukoo. Cornelius akaita wazee. Jambo lenyewe halikuwa na mfano, kwa hiyo wakalitungia mila palepale, chini ya lile hema ambalo lilikuwa bado halijarudishwa. Wakasema: kilichoota kaburini ni cha waombolezaji. Mwenye kaburi hali matanga yake. Akila, amekubali kifo.

"Na asipokula?" Milcah akauliza.

"Tutamwombea," akasema mzee wa kanisa.

Jumamosi watu wakaja. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, na Hezekiah alikaa mlangoni akipeana mikono, "Mulembe, mulembe," akiwashukuru kwa kuja. Ndizi zikagawanywa. Wengine walipata ladha ya kuku, wengine ya mrenda, mama mmoja alipata chai yenye tangawizi akasema ni tamu sana. Cornelius alikula chane nzima akilegeza mshipi. Hezekiah akanyoosha mkono.

"Hapana, ndugu yangu," Cornelius akamwambia kwa upole. "Wewe tunakutunza."

Hezekiah akarudisha mkono akauweka gotini. Milcah alikuwa ameficha ndizi mbili kwenye leso yake. Akampa usiku, na zikamtosha kulala bila maumivu.

Mgomba huzaa mara moja. Majani yakaanza kukauka kutoka chini. Milcah aliendelea kupika na Hezekiah akaendelea kula, kwa adabu, kijiko kwa kijiko, kwa sababu alimwona anavyomtazama. Jumapili nyingine akamchinjia jogoo wa mwisho. Hezekiah alikula paja, akauweka mfupa kandoni mwa sahani, akasema, "Asante, Mama Nafula, umepika," akajilaza. Milcah alipotoka nje kumwaga maji ya kunawa aliona lile jani moja lililobaki linang'aa mafuta. Akajua, akakaa chini palepale kwenye tope.

Walimchimbia kaburi lingine kando ya lile, kwa kuwa lile lilikuwa na mtu. Hema lilikuwepo. Cornelius alilia kwa sauti mpaka akashikwa, machozi yakimtiririka kwenye mashavu yaliyonenepa, na hakuwa anaigiza. Siku chache baadaye kliniki ikapiga simu kumkumbusha Hezekiah tarehe yake. Milcah akasema amekufa. Yule wa simu akasema pole sana, akaeleza kwamba kwa upande wao hilo halibadilishi kitu, maana hakufia hospitalini, kwa hiyo bado yumo katika waliopona.

Kabla miwa haijavunwa, Cornelius akaja kumjulia hali. Akazunguka kaburi la kwanza, akainama. Chipukizi lilikuwa limetoka kando ya shina lililokufa, kijani, nono.

"Shemeji, nilikuwa naomba hili nikapande kwangu. Huu mgomba ulikuwa wa mbegu nzuri."

Milcah akaleta jembe, akaling'oa na udongo wake, akalifunga kwenye gunia.

"Chukua," akasema. "Lakini utafute mtu wa kuulisha."

Cornelius akashukuru, akalifunga nyuma ya pikipiki, akaenda nalo nyumbani.