Miwani ya Niyomugabo

Nilipokwisha kuitundika miwani msumarini ndipo nikaona inadondosha maji. Tone moja, halafu jingine, yakimwangukia Niyomugabo aliyekuwa amelala chali chini ya msumari huo, kwenye sakafu ya karakana yangu, mke wangu akimmiminia maji machoni. Nilitafuta cha kuifutia nikakosa. Shati lilikuwa limelowa, suruali imelowa, hata viganja vyenyewe vimelowa. Nje watu walikuwa wanakuja mbio wakiulizana kama ni bomu. Nikaiacha ikining'inia, nikarudi nyuma hatua mbili, nikajishika kichwa ili wakiingia wanikute nimeshtuka.

Nilikuwa nimeshtuka kweli. Lakini kujishika kichwa kule kulikuwa kwa ajili ya watu.

Hadithi hii nimewahi kuisimulia mara nyingi, na kila mara naikata mkia. Leo nitaieleza yote, hata ukinidharau, maana mimi mwenyewe nilishajidharau zamani.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Nilikuwa na karakana ya chumba kimoja hapa Nyamiaga, kando ya barabara ya kwenda Ngara mjini: jenereta, grenda ya kukatia chuma, mashine ya kuchomelea, na chaja ya betri yenye vibano viwili virefu. Usinicheke. Miaka ile mwenye vitu hivyo alikuwa mtu. Umeme wa nguzo tulikuwa tunausikia tu kwa wenzetu. Wakimbizi walikuwa wamejaa makambini, magari meupe ya mashirika yanapita mchana kutwa, na kila mwenye redio alitaka betri yake ijae asikilize habari za kwao. Walizibeba betri za gari kichwani toka mbali, nami nazipanga ukutani, nane, hata kumi, nazichaji.

Niyomugabo alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, anakaa kambini Lukole na binti yake Iteka. Kwao alikuwa anafundisha ufundi wa chuma. Alikuja kwangu siku ya soko na mfuko wa turubai, na ndani ya mfuko mlikuwa na kitu kimoja tu: miwani ya kazi, ile mikubwa inayofunika macho mpaka pembeni, yenye mkanda wa mpira. Wengine walikimbia na godoro, wengine na mbuzi. Yeye alikimbia na mtoto na miwani.

Alinizidi miaka kumi na kitu, mvi zimeshaanza juu ya masikio. Siku hiyo ya kwanza akainama kidogo, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia kama tunavyofanya huku na kama wanavyofanya kwao, akasema shikamoo. Mkubwa ananiamkia mimi. Ilinipasa nimkatishe, niseme hapana mzee, mimi ndiye wa kukuamkia. Nikaitika marahaba. Yeye anaomba kazi, mimi ndiye mwenye kazi, basi nikaitika, na asubuhi zote zilizofuata, karibu miaka miwili, niliendelea kuitika. Deodata, mke wangu, alipoisikia mara ya kwanza aliniinulia macho tu akarudi jikoni.

Masharti ya Niyomugabo yalizidi ya padri wakati wa Kwaresima. Chaja izimwe kwanza ndipo vibano viguswe. Vifuniko vya betri vifunguliwe. Asiwepo mvuta sigara karibu. Betri ikichajiwa, alisema, inatoa hewa isiyoonekana wala kunusika, na hewa hiyo ikikutana na cheche inalipuka, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike mahali pa wazi, na grenda iwe mbali kabisa. Na pale mlangoni ikae ndoo ya maji safi, isiguswe kwa kazi nyingine. Wateja walikuwa wakinawia mikono ndoo ile, yeye anamwaga, anateka mengine, hanuni. Mimi nilikuwa namtania kwamba anasubiri kubatiza mtu.

Lakini mwaka ule betri ziliibwa sana Ngara. Nikaihamishia chaja ndani na dirisha nikalipigilia mbao. Tulisema wezi ni wakimbizi. Sote tulisema hivyo, hata mimi, huku mkimbizi amesimama pale ananishikia nyundo. Aliyekuja kukamatwa baadaye alikuwa jirani yetu tunayesali naye. Niyomugabo alinishauri niache hata tundu moja juu. Nikasema tundu ndilo mlango wa mwizi.

Miwani nayo nikaichukua. Sikuiiba. Niliichukua mbele ya macho yake, na hilo naona ni baya zaidi. Ilikuwa hivi: Auleria, mama mmoja wa shirika, alikuja kuagiza milango ya chuma ya zahanati, akamkuta Niyomugabo kazini amevaa miwani yake, akaenda moja kwa moja kumsalimia yeye akidhani ndiye mwenye karakana. Ilinichoma mpaka usiku. Kesho yake nikamwambia fundi wangu kwamba vifaa vyote vya karakana vinakaa kwa mwenye karakana. Akaivua akanipa. Kichwa changu ni kikubwa, mkanda haukufika, nikaongezea kipande cha mpira wa baiskeli. Toka hapo nikawa natembea nayo juu ya paji la uso. Nilikwenda nayo sokoni. Nilikwenda nayo misani, naivua mlangoni na kuishika mkononi watu waione. Mimi mtu mzima na watoto wangu. Yeye akitaka kukata chuma aniombe, na nisipokuwepo akate kwa kufumba jicho moja na kugeuza uso.

Sasa kulikuwa na jambo la barua. Shirika lile la Auleria lilikuwa linatafuta mwalimu wa ufundi kule kambini: chumba, zana, wanafunzi thelathini. Niyomugabo aliitamani kazi ile kuliko kitu chochote. Cheti chake kiliungulia ndani ya nyumba yake Burundi, kwa hiyo wakamwambia alete barua ya mwajiri inayosema anaijua kazi na ni mtu makini. Mwajiri ni mimi. Kila wiki alinikumbusha kwa adabu, na kila wiki nikamwambia wiki ijayo. Sikutaka aondoke. Nani angenikatia chuma?

Jumatatu ya Pasaka mvua ilianza saa tatu asubuhi. Betri tisa zilikuwa kwenye chaji, na milango ya zahanati ilitakiwa kesho yake. Anatoli, shemeji yangu, alikuwa na wageni na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kutosha, nami nilikuwa nimeshavaa shati la sikukuu, miwani iko juu ya paji. Nikamwambia Niyomugabo anikatie vyuma vya milango humohumo ndani, kwa kuwa nje grenda ingelowa na umeme ungemrusha.

Alisema betri zile zina masaa manne zinatoa hewa chumbani. Aliomba asubiri mvua ikatike akakatie nje, au tuzitoe betri. Nikasema siwezi kuacha betri za watu zinyeshewe.

"Mzee, nakuomba," alisema. "Humu hapakatwi chuma."

"Wewe ni fundi au mkaguzi?" nikamuuliza.

Alitazama milango, akanitazama mimi. "Basi niachie miwani."

Ningeweza kuiondoa kichwani kwa mkono mmoja. Nikamwambia akate, na nikirudi nikakuta vyuma vimekatwa namwandikia barua yake leoleo. Nikatoka na miwani yake kichwani, nikauvuta mlango nyuma yangu mvua isiingie.

Njiani nilisimama chini ya mgomba nikingoja mvua ipungue, na sikuwa nimevuka hata shamba langu la migomba nikasikia kishindo.

Nilipofika moshi ulikuwa bado chumbani. Betri mbili zilikuwa zimepasuka vipande, asidi imerukia mpaka ukuta wa pili. Juu ya betri zilizobaki kulikuwa na magunia aliyoyalowesha na kuyafunikia. Kwenye dirisha, ubao mmoja ulikuwa umeng'olewa nusu, na koleo iko chini yake; alikuwa amejaribu kufungua njia ya hewa kabla ya kuwasha grenda. Alitii agizo la mpumbavu kwa uangalifu wote aliokuwa nao. Na sasa alikuwa amelala chini anasema kwa Kirundi, ambacho sisi Wahangaza tunakisikia vizuri, maji, maji mengi, wala tusimfute. Yeye mwenyewe haoni, na yeye ndiye aliyekuwa anatuelekeza. Deodata alikuwa ameshafika na anamimina ile ndoo ya mlangoni. Ilipoisha akakimbilia sufuria la maji aliyokuwa ameteleka jikoni, yameanza tu kupata moto, akaendelea kumimina.

Ndipo nikaitundika miwani.

Deodata aliinua kichwa. Aliiona, akaniona mimi, akayaona matone. Alikuwa ameniaga asubuhi ile nikiwa nayo kichwani. Akaweka sufuria chini, akasimama, akaifuta miwani kwa upindo wa kitenge chake, kioo kimoja halafu kingine, halafu mkanda. Akapiga magoti tena akaendelea kumimina.

Auleria alifika na gari kabla ya saa sita, pamoja na mtendaji wa kijiji. Jambo lililomsumbua ni kama mtu huyu alikuwa na kinga ya macho. Nilifikiria milango, nilifikiria maagizo mengine ya shirika, nilifikiria nitakavyotazamwa kanisani. Nikanyoosha kidole msumarini.

"Ile pale. Hapendi kuivaa."

Auleria aliigusa. Ilikuwa kavu. Akaandika kwenye daftari lake, halafu akamwinamia Niyomugabo, aliyekuwa amefungwa kitambaa machoni, akamuuliza kama ni kweli.

"Mzee amesema," akajibu.

Jicho la kushoto halikupona. La kulia lilipona, na daktari alisema ni kwa sababu ya maji yale ya mwanzo. Wiki tatu baadaye Auleria alikuja kuichukua milango, akaniambia kwa huruma kabisa kwamba jicho moja lisingekuwa tatizo, wangemchukua hivyohivyo. Tatizo ni uzembe. Asiyelinda macho yake mwenyewe hawezi kukabidhiwa macho ya wanafunzi thelathini. Nikasema ndiyo, ni kweli. Nikasaini karatasi ya milango.

Barua niliiandika. Kurasa mbili, nikaipeleka shirikani kwa mkono wangu, nikamsifia ufundi, nikamsifia nidhamu. Habari ya miwani sikuigusa. Naona aibu ya ile barua kuliko hata ya kile kidole, kwa sababu kidole nilikinyoosha kwa hofu, lakini barua niliikalia siku nzima mezani nikichagua maneno.

Hakurudi kwangu. Nilisikia anatengeneza redio chini ya turubai kule Lukole. Miaka tisa nilisikia hivyo, na Lukole si mbali.

Kambi ilipokuwa inafungwa na watu wanarudishwa Burundi, nikasikia kwamba zamu yake ni Alhamisi. Niliifunga miwani kwenye gazeti, nikapanda baiskeli alfajiri. Nilimkuta kando ya lori, amekonda, kichwa cheupe chote, Iteka mwanamke mzima sasa anapanga mabegi yao.

Nikashika kiwiko changu, nikainama.

"Shikamoo."

Ilinitoka ndogo. Alinigeuzia upande wa jicho zima, akanitazama bila haraka.

"Marahaba, Pancras," akasema. Hakuwahi kuniita jina kabla ya siku hiyo.

Nikaanza. Nikasema siku ile, ile miwani. Sikufika mbali. Akanipokea yeye, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba ananieleza kwa nini redio fulani imegoma.

"Maji ya mkeo, mama Derick, yalikuwa ya jikoni, yana uvuguvugu. Halafu yakanidondokea mengine shingoni, ya baridi. Ya mvua. Nikafikiri, paa linavuja. Lakini paa lako halivuji. Mabati yale niliyapigilia mimi."

Kwa hiyo alijua. Tangu akiwa pale chini, kabla Auleria hajafungua daftari, alijua. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema hakuwa na kibali cha kuwa Nyamiaga siku ile, na kati ya maneno yake na yangu angeaminiwa nani? Hakusema kwa hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

Nikafungua gazeti nikampa miwani. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akavuta mkanda na kile kipande cha mpira wa baiskeli nilichoongeza. Akaivaa. Ikamteremkia mpaka puani. Iteka akamwita toka juu ya lori, watu wameshapanda. Akaivua, akaukunja mkanda vizuri, akanirudishia.

"Hainitoshi tena," akasema.

Nilisimama pale mpaka malori yote yakaondoka.

Nilipofika nyumbani Deodata alikuwa anachambua maharage mlangoni pa karakana. Aliuliza kama ameipokea. Nikasema hapana. Akainuka, akaichukua mkononi mwangu, akaifuta kwa upindo wa kitenge, kioo kimoja halafu kingine, na ilikuwa kavu. Akaitundika msumarini, akarudi kwenye maharage yake.