Barabara Isiyobomoa Nyumba

Mji wa Kuwait umepangiwa kuwa kitovu cha biashara duniani mara nyingi kuliko Mishari alivyobadilisha gari. Alipoajiriwa katika ofisi ya Dira, ule mpango mkuu wa maendeleo ya nchi, enzi hizo bado ana nywele, mji ulikuwa ufike huko mwaka 2010. Mwaka ulipokaribia wakausogeza hadi 2020, kisha 2035, na vitabu vya Dira vilivyotoka mitamboni juzi vimeandikwa 2050. Picha ya jalada ni ileile: maghorofa ya vioo, Mzungu mwenye mkoba, na mwewe anayewatazama wote kwa dharau.

Wenzake walikuwa wakifika asubuhi, wanatia kidole kwenye mashine ya mahudhurio, halafu hao wanakwenda zao. Mishari alibaki na ramani zake. Yeye aliiamini Dira, maskini, kama mtu anavyomwamini mchumba asiyepokea simu. Kwa miaka minne alitafuta njia ya Barabara Kuu ya Mabenki, kutoka baharini hadi jangwani, mita sitini kwa upana, ambayo haitabomoa nyumba ya mtu hata moja. Waliomtangulia walisema haiwezekani. Alipima, akafuta, akapima tena, mwisho akaipata, yote ikipita juu ya viwanja vitupu vya serikali. Washauri kutoka ng'ambo, ambao kazi yao ilikuwa kumrudishia waziri maneno ya Mishari kwa lafudhi ya bei mbaya, waliiita muujiza.

Jumatatu asubuhi mfano wa mji ukazinduliwa katika ukumbi wa hoteli, una miti ya sifongo na magari madogo yasiyojua foleni. Dada yake, Sabika, alialikwa. Akapiga picha, akaikuza, akaituma kwenye kundi la familia.

"Nyumba ya jirani Umm Dhari naiona," aliandika. "Baraza la baba liko wapi? Mbona hapo kando ya barabara mmeweka chemchemi na mtu anatembeza mbwa?"

Mishari aliisoma mara tatu.

Marehemu baba yao alilijenga lile baraza la kupokea wageni mbele ya uzio wa nyumba, mita kumi na mbili ndani ya ardhi ya serikali, bila kibali, kama walivyojenga majirani wengi wa wakati wake. Alipoulizwa alijibu, "Serikali ni nani? Si hawa hawa wanaokunywa kahawa yangu?" Kwenye ramani rasmi pale palikuwa mchanga mtupu. Na Mishari, mtu wa ramani, alikuwa amekaa kwenye mchanga huo kila Jumatatu kwa miaka arobaini, kuna paa, kuna viyoyozi, mito ya kuegemea imejaa, isimpitikie hata siku moja kwamba kisheria alikuwa amekaa uwanjani.

Alasiri ile baraza lilifurika. Hata wagonjwa walipona ili wahudhurie.

"Karibu, mhandisi wa chemchemi!" alipaza sauti kaka yake Duaij, aliyerithi kiti cha baba pamoja na hasira zake. "Mbwa umekuja naye, au yuko garini?"

"Kaka, nisikilize kwanza."

"Nikusikilize nini? Baba yako hata kaburini hajazoea, wewe unampitishia mabenki kifuani!"

"Mimi Dira naiunga mkono kwa mikono miwili," alidakia Bu Ghazi, mfanyabiashara mzee wa vitambaa. "Tena nasema imechelewa. Lakini si ipite kwa watu wengine?"

"Naam, ipite kwa wengine!" wakaitikia.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu, sivyo?" alisema Mishari.

"Acha methali," alisema Duaij. "Sogeza mstari. Mita kumi na mbili tu, ndugu yangu. Penseli unayo, raba unayo."

"Nikiusogeza mita kumi na mbili unaingia sebuleni kwa Umm Dhari, upande wa pili. Na yule ana hati."

Katikati ya baraza palikuwa na sinia la kaimati, bado za moto, na kila mtu pale alijua zilikotoka. Yule mjane amekuwa akiwaletea kaimati kila Jumatatu tangu mumewe afariki, bila kuombwa. Mikono iliyokuwa njiani ikasita.

"Atalipwa fidia, masikini wa Mungu," alisema Bu Ghazi baada ya kufikiri. "Serikali yetu ina huruma." Akachukua mbili.

Mishari alilipenda baraza lile kuliko nyumba aliyojenga mwenyewe. Humu ndimo baba alimfundisha kushika kikombe, na humu ndimo walipokea rambirambi siku tatu, watu wakipanga mstari mpaka barabarani. Angetoa jicho lake moja libaki. Lakini jicho lilikuwa lake. Sebule ya Umm Dhari haikuwa yake.

"Sisogezi," alisema.

Duaij hakupandisha sauti. Alimtazama tu mwandaa kahawa, akainua kidole. Mzee yule akaja na birika, akamimina kwa Bu Ghazi, akamruka Mishari, akamimina kwa anayefuata. Hata wadai wa baba waliofika pale kwa ugomvi hawakuwahi kurukwa. Mkono wa Mishari ulibaki hewani, hauna kikombe, na kila mtu akajifanya anatazama simu.

"Kesho natia saini," alisema. "Letu tulilijenga kwa ubabe, mama yule kajenga kwa haki. Kama ni kubomoka, libomoke letu."

"Basi ukitoka humu usirudi," alisema Duaij, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Ndipo mtu akacheka kule pembeni. Alikuwa Bu Jarrah, naibu katibu wa Dira na mkuu wa Mishari kazini, ambaye alikuwa na mto wake pale kabla hata Dira haijazaliwa.

"Jamani, mnataka kuuana kwa ajili ya nini?" alisema, akijifuta shira kidevuni, kisha akamgeukia Duaij kwa jina lake la heshima. "Bu Falah, hebu niambie. Lile daraja la Dira ya kwanza ulishalipita?"

"Daraja lipi?" aliuliza Duaij.

"Na bandari ya Dira ya pili, umewahi kushusha mzigo?"

"Bandari gani tena?"

"Haya! Nimetia saini Dira nne, mtu mzima mimi. Ukitaka mahali pasiguswe mjini hapa, papangie mradi mkubwa. Manispaa wakija na barua ya kubomoa, unawaonyesha ramani: hapa panasubiri Dira. Wanaomba radhi na kuondoka. Hadi jana baraza hili lingeweza kuvunjwa siku yoyote. Leo liko salama mpaka 2050, na ikifika tutaongeza kidogo. Mshukuru mdogo wako!"

Baraza zima likalipuka kwa kicheko. Bu Ghazi alipaliwa na kaimati ikabidi apigwe mgongoni. Duaij alivuka zulia, akamshika Mishari kichwa kwa mikono miwili na kumbusu paji la uso.

"Kumbe ulijua! Shetani mkubwa wewe, ulijua tangu mwanzo! Kahawa, mpeni huyu kahawa!"

Kikombe kikaja, na cha pili kabla hajamaliza cha kwanza. Mmoja alimwita mkombozi. Mwingine akamwomba, kama si taabu, amchoree na yeye reli juu ya banda la farasi wake, ambalo nalo halina kibali. Mishari alitabasamu, akasema ataangalia. Alihesabu miaka minne ya barabara yake, akahesabu na ile ishirini ya Dira kabla yake, na kifuani akahisi aibu aliyokuwa hajaipata hata aliporukwa na birika.

Akanywa kahawa yake. Na huku kaka yake amemkumbatia, yeye alikuwa akiomba kimoyomoyo, kwa dhati kabisa, tingatinga lije kesho asubuhi.