Babu wa Chini ya Tanuri

Asubuhi ile ukungu ulipanda kutoka Mto Dnipro ukaingia hadi ndani, na Bibi Paraska akasema maji yametuma mjumbe. Bwawa lilikuwa limekwisha jengwa kule chini, na maji yake yangetufunika. Kijiji chetu kilihamia kilimani, nyumba baada ya nyumba, mpaka tukabaki sisi wawili, mimi na bibi, na lori la mwisho likinguruma nje.

Bibi alipiga magoti mbele ya tanuri. Aliweka sakafuni kiatu kikuukuu cha sufu, ndani yake kipande cha mkate na chumvi.

"Babu, mwenye nyumba," alibembeleza, "ingia twende zetu. Gari limekuja."

Kwetu kila nyumba ina Babu wake, mzimu mlinzi asiyeonekana, aliyekaa chini ya tanuri tangu kabla padri wa kwanza hajavuka mto. Kona ya mashariki alikaa Mtakatifu Mikola katika picha yake, kazungushiwa taulo lililotariziwa maua mekundu. Chini ya tanuri alikaa Babu. Nao hawakuwahi kugombana. Nyumba isiyo na Babu ni kuta tu. Humo watu husahau wao ni kina nani.

Bibi alikiinua kiatu. "Chepesi. Hajaingia."

"Mama Paraska!" Ostap, dereva, alichungulia dirishani. "Unaposa panya humo ndani? Maji hayangoji mtu!"

"Nyamaza, kichwa boga! Wako ulimwacha, ndiyo maana tangu uhame supu yenu inaungua kila siku."

"Supu anaiunguza mke wangu, mama."

"Na mke unamuunguza wewe. Hebu zima hilo gari, unamtisha mzee."

Ostap alizima. Juu ya paa korongo aligonga mdomo wake mara chache, akanyamaza naye. Ukungu ulikijaza chumba, nikaona kana kwamba tumekwisha zama, na samaki wanapita polepole katikati ya vijiko.

Vijiko vilikuwa bado mezani, vitatu: cha bibi, changu, na cha mjomba Tymish, aliyekwenda vitani kabla sijajua kutembea. Hakuna aliyetuletea habari kwamba yu hai, wala kwamba amekufa. Kila jioni bibi alimwandalia kijiko chake.

Sasa alikitazama kwa muda mrefu.

"Ni mimi niliyemfunga," alisema. "Siku Tymish alipoondoka nilimwambia Babu: usitoke hapa, nilindie mlango mpaka mwanangu arudi. Masikini mzee wa watu, anatii."

"Basi mwambie aache, bibi."

"Nikimwambia aache, Oryna, nitakuwa nimesema nini?"

Nje Ostap hakupiga honi.

Bibi aliweka kiganja juu ya tanuri lililopoa. "Babu," alisema, "umelinda vya kutosha. Tymish hatarudi." Sauti yake ilikuwa kavu. "Mlango tunauacha wazi. Twende."

Mara hii alikiinua kiatu kwa mikono miwili.

Nilikipakata njia nzima. Kabla hatujamaliza kupanda kilima, miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi. Ostap aliniangalia nikihangaika, akapunguza mwendo.

"Mama Paraska," alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Huyo wangu... nikimwita, ataitika kweli?"

Bibi alipekua furushi, akamtupia kiatu cha pili cha ile jozi. "Una mpaka jioni. Na usiende na matusi yako."

Nyumba mpya ilinuka chokaa. Jioni bibi aliweka mezani vijiko viwili. Cha tatu alikishika kidogo, akakifuta kwa aproni ijapokuwa kilikuwa safi, kisha akainama akakilaza chini ya tanuri jipya, kando ya kiatu.

Nilipoamka, mkate haukuwamo kiatuni. Nikakigusa kijiko. Kilikuwa na joto, kama kimetoka sasa hivi mkononi mwa mtu.