Kiatu cha Kifaranga

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa fundi wa sare za shule, na kila vazi alilishona na pindo nene la kushushwa mtoto akirefuka. Wazazi walimpenda kwa hilo. Watoto wenyewe, waliokuwa wakipotelea ndani ya mashati, hakuna aliyewauliza.

Basi kuku wake akaangua, na kifaranga wa mwisho akatoka na kasoro. Vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vimejikunja kama ngumi. Wenzake walipokimbilia pumba, yeye alikanyagia ngumi ile, akaanguka ubavu, akabaki analia. Mama Pindo alimbeba hadi sebuleni, alikokuwa ameketi mama mkwe wake.

Bibi alimtupia jicho mara moja tu. "Mguu ukishaharibika, mwanangu, umeharibika. Usijisumbue."

Maneno hayo yalimchoma Mama Pindo, maana alijua hayakuwa ya kuku. Tangu bibi ateleze bafuni akavunjika mguu, ukaunga vibaya na kubaki umevimba, hakuna kiatu kilichomwingia, na kutoka na kandambili moja hakutaka hata kusikia. Mwanamke aliyekuwa kiguu na njia, leo kwa mgonjwa, kesho kwa shoga yake wa nyumba ya kona, sasa alikuwa mtu wa kiti kimoja. Kila aliyemshauri aliambulia jibu lilelile. Kifaranga akifa, aliwaza Mama Pindo, bibi atakuwa ameshinda ubishi, na kiti hicho hatakiacha tena. Kwa hiyo huyu ndege lazima atembee.

"Nitamshonea kiatu, Mama," akasema.

"Mshonee na suruali basi," bibi akajibu.

Haya, kazi ikaanza. Alichukua kadi ngumu ya kushikizia vifungo, iliyobaki baada ya vifungo kwisha, akakata umbo la unyayo, akavinyoosha vile vidole kimoja kimoja, taratibu, akavibandika juu yake kwa plasta. Akamweka kifaranga chini, kifua mbele, fundi wa watu. Kifaranga akapiga hatua, kiatu kikaukanyaga mguu wa pili, akapinduka kichwa mbele hadi kwenye kisahani cha maji. Akaopolewa, akafutwa, akajaribu tena. Kulekule kisahanini.

Mama Pindo akamgeuza, akamkagua. Vidole vimenyooka, plasta imeshika, sasa kuna nini tena?

Kutoka kwenye kile kiti ikasikika sauti ambayo nyumba ile ilikuwa imeshaisahau. Bibi alikuwa anacheka, anacheka huku ameshika mbavu.

"Hebu mlete hapa nimwone. Ee, si nilijua. Umemwachia nafasi ya kukua."

Na kweli. Wanasema mazoea yana taabu: fundi wetu alikuwa amekata kiatu cha jogoo mzima, akamvalisha kifaranga wa jana.

"Nilisema asije akabanwa," Mama Pindo akajitetea.

"Leo atembee na mguu wa leo. Akikua, tutajua la kufanya. Lete mkasi."

Bibi mwenyewe ndiye aliyemshika kiganjani, akimbembeleza kama mjukuu anayechanjwa, huku Mama Pindo akipunguza kadi kidogo kidogo mpaka ikalingana na kucha. Safari hii alipowekwa chini aliyumba, kisha akasimama. Halafu akaenda, ta-ta-ta sakafuni, moja kwa moja hadi kwa wenzake waliokuwa wakidonoa mlangoni, akamnyang'anya mmoja punje mdomoni.

"Mkorofi huyo," bibi akasema, kwa mapenzi matupu.

Siku zilizofuata, bibi aliulizia kiatu kuliko alivyoulizia chai. Plasta ikilowa, yeye ndiye wa kwanza kuita. Kilipovuliwa hatimaye, vidole vilikuwa vimenyooka vyote isipokuwa kimoja, kilichoendelea kutazama pembeni. Mama Pindo akasononeka kidogo.

"Hiki kimekataa, Mama."

"Kimekataa, lakini kimemzuia nini?"

Kifaranga hakungoja jibu. Alikuwa ameshavuka kizingiti, anamkimbiza mende uani, na kidole chake cha pembeni kimemfuata vilevile.

Bibi alimsindikiza kwa macho hadi akapotea. Kisha akapandisha gauni kidogo, akaunyoosha mbele ya fundi ule mguu wake uliovimba, ambao siku zote aliuficha chini ya kiti.

Mama Pindo akaivuta tepu ya kupimia kutoka shingoni, polepole, kana kwamba bibi angeweza kubadili nia kwa kusikia kishindo. Furaha ilimjaa, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Pima," bibi akasema. "Nataka kwenda kwa shoga yangu. Ila nakuonya mapema, mwanangu: mimi usiniachie nafasi ya kukua."